Simu yenye Vitufe vya Herufi na Kazi Yake katika Chama Chetu

Katika kitabu hiki cha ukumbusho wa miaka kumi wengine wameandika habari za maghala, mizani na malipo ya kahawa. Sisi tuliopewa kazi ya kutunza barua za Chama Kikuu twapenda kueleza habari za chombo kidogo kisichozidi kiganja cha mtu, ambacho kilibeba maneno yetu yote katika misimu ya kwanza. Chombo hicho ni simu ya mkononi yenye vitufe vya herufi.

Tangu mwanzo ushirika wa wakulima umesimama juu ya maandishi. Wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro walipounda umoja wao wa KNCU mwaka 1933, kazi ilikwenda kwa daftari, stakabadhi na barua za posta. Barua ilikawia njiani, walakini ilipofika ilikuwa na tarehe na sahihi, ikatiwa katika jalada, na mwanachama mwenye shaka aliweza kuomba asomewe. Baadaye zikaja simu ya waya, simu ya upepo na simu ya mkononi. Vyombo hivyo vilileta haraka, lakini vilipunguza ushahidi, kwa maana neno la mdomo halina jalada.

Ujumbe mfupi wa simu ulijaribu kuziba pengo hilo. Ujumbe wa kwanza wa namna hiyo ulipelekwa Uingereza tarehe 3 Desemba 1992. Lakini kikomo chake ni herufi 160. Hizo zatosha kumwarifu karani kwamba lori limeondoka. Hazitoshi kueleza bei ya kila daraja la kahawa, masharti ya unyevu, siku ya kupokea mzigo na siku ya kulipa. Tena katika simu ya tochi kitufe kimoja hubeba herufi tatu au nne, hata mwenye kutaka herufi "s" hana budi kubonyeza mara nne. Ni watu wachache wawezao kuandika mkataba kwa njia hiyo bila kuchoka na kufupisha, na mkataba uliofupishwa ni mwanzo wa ugomvi.

Barua pepe ni ya zamani kuliko ujumbe huo, kwa kuwa Mmarekani Ray Tomlinson alipeleka ya kwanza kati ya kompyuta mbili za mtandao mwaka 1971. Hata hivyo kwa miaka mingi ilidai kompyuta, umeme na waya. Kwetu mashambani mtu alipanda gari hadi mjini, akaketi katika mkahawa wa intaneti, akalipia kwa dakika, na pengine umeme ukakatika kabla hajamaliza salamu.

Kitu kilichoitoa barua pepe mezani na kuitia mfukoni kilitokana na mashine ya taipu. Mpangilio wa herufi unaoanza na Q, W, E, R, T na Y ulitengenezwa na Christopher Latham Sholes wa Milwaukee, Marekani, na mashine yake ikaanza kuuzwa na Remington mwaka 1874. Mwaka 1999 kampuni ya Research In Motion ya Waterloo, Kanada, ilitoa chombo kilichoitwa BlackBerry, chenye vitufe hivyo hivyo vilivyopunguzwa hata vikabonyezwa kwa vidole gumba, nacho kikapokea barua pepe popote palipo na mawimbi. Mabwana wa serikali na wa makampuni makubwa walikipenda upesi. Mkulima hakukiona ila mkononi mwa wengine, maana bei yake haikuwa ya mkulima.

Mnamo Novemba 2008 Nokia ya Ufini ilitangaza simu iitwayo E63. Mwaka huo huo ilikuwa imetoa ndugu yake, E71, yenye umbo la chuma na bei ya juu. E63 ilivikwa plastiki, ikatangazwa kwa euro 199 kabla ya kodi, lakini kazi yake katika barua ilikuwa ile ile. Ilikuwa na kamera, na mtu akishikilia kitufe cha nafasi kwa muda, taa ya nyuma iliwaka kama tochi. Mwezi wa Aprili 2010 ikafuata C3, iliyokuwa rahisi zaidi. Wakati huo huo nyaya za chini ya bahari zilifika pwani yetu, ya kwanza, SEACOM, mnamo Julai 2009, nayo intaneti iliyokuwa ikitegemea setilaiti ikaanza kupata njia pana.

Chama Kikuu chetu kilipofungua mlango, hakikuwa na kompyuta wala fedha za kuinunua. Bodi iliidhinisha ununuzi wa E63 moja iliyokwisha kutumika. Wajumbe wengine walinung'unika, wakauliza kwa nini ofisi inunue simu kuukuu wakati vyama vya msingi vyadai magunia. Jibu lilikuja msimu ule ule. Mnunuzi mmoja alikuja kupakia mzigo, akadai kwamba bei tuliyopatana ilikuwa ya kahawa iliyofikishwa mjini, na gharama za lori ni zetu. Meneja hakubishana. Alifungua simu mbele ya viongozi wa vyama vya msingi, akasoma barua ya mnunuzi mwenyewe, pamoja na tarehe na saa yake, iliyosema kwamba atachukua mzigo ghalani kwetu. Mzigo ulipakiwa kwa gharama yake. Tangu siku hiyo hakuna aliyeuliza tena habari za magunia.

Haifai kuificha habari ya msimu wa pili, kwa kuwa historia isiyotaja makosa haimfundishi mtu. Mnunuzi mwingine alikuwa ameahidi kwa barua pepe nyongeza ya shilingi 50 kwa kila kilo, iwapo kahawa yetu ingepata daraja alilotaka. Daraja lilipatikana. Katikati ya msimu sanduku letu la barua likajaa, tukaamua kulisafisha. Simu ile huuliza swali moja kabla ya kufuta: barua ifutwe katika simu peke yake, au katika simu na katika seva pamoja? Seva ni ile kompyuta ya mbali inayotunza barua. Sisi tulichagua la pili pasipo kufikiri, na ahadi ikapotea pamoja na takataka. Tulipodai nyongeza, mnunuzi alituomba barua. Hatukuwa nayo. Wanachama walilipwa malipo ya pili bila shilingi hizo, na katika mkutano mkuu hatukuwa na neno la kusema ila kukiri. Mzee mmoja alisimama akatuambia kwamba baba yake alitunza stakabadhi za kahawa ndani ya kibuyu zisiliwe na mchwa, na sisi wasomi tumeshindwa hata na kibuyu.

Maneno yale yalizaa kanuni ambazo zingali zafuatwa hadi leo. Barua yoyote inayotaja bei, uzito au siku ya malipo huchapwa mjini kila juma na kutiwa katika jalada. Namba yake na tarehe yake huandikwa katika daftari la barua. Anwani ya barua pepe ni ya Chama, wala si ya mtu, na neno lake la siri hukabidhiwa kwa maandishi, katika bahasha iliyofungwa, kila mtumishi anapobadilika.

Simu zile zimekwisha muda wake. Huduma ya WhatsApp iliziacha simu za aina ya E63 katikati ya mwaka 2017, na zile za aina ya C3 mwishoni mwa mwaka 2018. Tarehe 4 Januari 2022 BlackBerry nayo ikafunga huduma za simu zake za zamani. Masanduku mengi ya barua yamebadili kufuli zake za usalama, na simu hizo hazina tena ufunguo wa kuyafungulia. Siku hizi ofisi yatumia simu za kupangusa, na E63 yetu imewekwa katika kabati pamoja na mizani ya kwanza. Chombo chaweza kuchakaa, lakini jalada lililoanzishwa kwa ajili yake linaongezeka kila juma.

Kwa hiyo twawasihi makatibu wa vyama vya msingi, hasa vijana walio hodari wa simu kutupita sisi: msiridhike na sauti iliyorekodiwa wala ujumbe unaotoweka. Bei ikitajwa, iombeni kwa barua, barua ikifika, ichapeni, ikichapwa, itunzeni. Naye mwanachama atakayefika ofisini kutaka kusomewa barua yoyote inayohusu kahawa yake, milango i wazi na jalada lipo. Mungu aubariki ushirika wetu.