Mtangazaji wa Barafuni: Aseme Nini, Anyamaze Lini?

Ndugu wasikilizaji, juma hili tuzungumze juu ya kazi ambayo kwa mbali huonekana nyepesi, nayo ni kazi ya mtu anayekaa nyuma ya kipaza sauti wakati wa mashindano ya kuteleza kwenye barafu kwa madaha. Mchezo huu ni wa nchi za baridi. Mchezaji huvaa viatu vyenye bapa la chuma chini yake, akaingia uwanjani peke yake au na mwenziwe, muziki ukapigwa, naye akateleza, akaruka, akazunguka kama pia, yote hayo kwa dakika chache tu. Kisha waamuzi hutoa alama. Hapana goli, hapana utepe wa kukata mwishoni. Anayetazama nyumbani huona huyu kapewa medali ya dhahabu na yule kaondoka mikono mitupu, wala hajui kwa nini. Hapo ndipo anapotega sikio kwa mtangazaji.

Sisi tuliolelewa na redio tunamjua mtangazaji wa namna moja. Tanzania Bara haikuwa na televisheni mpaka mwaka 1994, na kabla ya hapo aliyetangaza mpira ndiye aliyekuwa macho yetu. Aliponyamaza kidogo tu, tulianza kuigonga redio tukidhani betri zimekwisha. Mtangazaji wa televisheni yuko katika hali nyingine kabisa, kwa kuwa mtazamaji naye ana macho. Akiambiwa mchezaji ameruka, naye kisha kumwona akiruka, hakuongezewa kitu. Basi anataka aongezewe nini? Jibu la swali hilo halikupatikana siku moja. Limetafutwa kwa zaidi ya miaka sitini, na mara kadhaa limetafutwa kwa ugomvi.

Tuanzie mwaka 1960, huko Squaw Valley, California. Shirika la CBS la Marekani lililipa dola 50,000 kupata haki ya kuonyesha Michezo ya Olimpiki ya majira ya baridi, fedha ambazo leo hazitoshi hata kuanzisha mazungumzo. Kwenye barafu walimweka Dick Button. Huyu hakuwa mtu wa kuokotwa. Alikuwa ametwaa dhahabu ya Olimpiki mara mbili, mwaka 1948 na mwaka 1952, kisha akasomea sheria katika Chuo Kikuu cha Harvard. Alikuwa mtu wa kwanza kutua mruko wa Axel wa mizunguko miwili katika mashindano, na wa kwanza kutua mruko wa mizunguko mitatu. Muda si mrefu akahamia ABC, na kwa miongo kadhaa sauti yake ndiyo iliyowafundisha Wamarekani mchezo huu. Mwaka 1981 alipewa tuzo ya Emmy kwa kazi hiyo. Alifariki dunia tarehe 30 Januari 2025, akiwa na umri wa miaka 95.

Button alifanya mambo mawili. La kwanza ni kufundisha. Chukua huo mruko wa Axel, uliopewa jina la Axel Paulsen wa Norway aliyeufanya mwaka 1882. Ni mruko pekee ambao mchezaji huuanza akiwa ametazama mbele, na kwa kuwa hutua akiwa ametazama nyuma, huwa na nusu mzunguko ya ziada. Mtu akishaambiwa hivyo mara moja, hatautazama tena kama alivyoutazama jana. La pili ni kusema kweli. Alipoona mzunguko umekaa vibaya, alisema. Alipoona mguu haukunyooka, alisema, hata kama mwenye mguu huo alikuwa kipenzi cha taifa. Wapo waliomwona mkali kupita kiasi. Msema kweli ni mpenzi wa Mungu, lakini si lazima awe mpenzi wa kila mtu. Hata hivyo watazamaji waliendelea kumsikiliza, kwa sababu waliamini kwamba akisifu, sifa hiyo ina uzito.

Kwamba mtazamaji anahitaji mwalimu, hilo lilidhihirika Sapporo, Japani, mwaka 1972. Wakati huo mashindano yalikuwa na sehemu mbili. Ya kwanza ilikuwa michoro ya lazima: mchezaji alichora duara na namba nane kwenye barafu kwa makali ya kiatu chake, na waamuzi wakainama kuchunguza mistari. Ya pili ilikuwa ile ya muziki na miruko, ambayo ndiyo iliyopendeza kwenye televisheni. Trixi Schuba wa Austria alikuwa fundi asiye na mfano katika michoro. Katika sehemu ya muziki alishika nafasi ya saba, lakini dhahabu ilikuwa yake. Janet Lynn wa Marekani, ambaye alianguka, akatabasamu, akainuka na kuendelea hata Wajapani wakampenda kama mtoto wao, alipata shaba.

Sasa jiweke katika nafasi ya mtazamaji. Sehemu aliyoonyeshwa, Lynn ameshinda. Sehemu ambayo hakuonyeshwa ndiyo iliyoamua. Je, hatasema ameibiwa? Waamuzi hawakuiba kitu, walifuata sheria zao. Lakini sheria isiyoeleweka na anayetazama hufanana sana na dhuluma. Mwaka uliofuata, shirikisho la mchezo huu duniani likaongeza programu fupi na kupunguza uzito wa michoro, na baada ya mashindano ya dunia ya mwaka 1990 michoro ikaondolewa kabisa. Televisheni ilikuwa imeubadili mchezo.

Lakini kuna saa ambayo mwalimu anatakiwa kunyamaza. Tarehe 14 Februari 1984, mjini Sarajevo, Waingereza Jayne Torvill na Christopher Dean walicheza kwa kufuata Bolero ya Ravel. Muziki wao ulikuwa mrefu kuliko sheria ilivyoruhusu, nao wakagundua kwamba saa huanza kuhesabu pale makali ya kiatu yanapogusa barafu. Basi wakaanza wakiwa wamepiga magoti, wakicheza kwa mikono na viwiliwili. Waamuzi wote tisa waliwapa alama 6.0 kwa upande wa sanaa, yaani alama ya juu kabisa, na Uingereza peke yake zaidi ya watu milioni 20 walitazama. Habari ya magoti ni ya kuelezwa, na ni utamu wa kuelezwa, ila kabla au baada. Anayeieleza wakati ngoma inaendelea amemnyang'anya mtazamaji kile alichokuja kukitazama. Debe tupu haliachi kuvuma, na hata debe lililojaa lina wakati wake wa kutulia.

Wajapani wana mfano wao. Shizuka Arakawa alipotwaa dhahabu mjini Torino mwaka 2006, ya kwanza kwa Japani katika mchezo huu, mtangazaji wa NHK, Fujio Kariya, alisema kwamba mungu wa kike wa Torino alikuwa amembusu Arakawa. Sentensi moja tu, iliyosemwa mahali pake, na Wajapani wanaikumbuka mpaka leo.

Kutoka kwenye kunyamaza tuje kwenye jambo zito zaidi, nalo ni haki. Mwanamke mweusi wa Ufaransa, Surya Bonaly, alikuwa bingwa wa Ulaya mara tano mfululizo, kuanzia mwaka 1991 hadi 1995, na mara tatu akawa wa pili duniani. Habari zake zilitangazwaje? Iliandikwa na kusemwa kwamba alizaliwa kisiwa cha Réunion, kumbe amezaliwa Nice, Ufaransa kwenyewe. Maneno yaliyomfuata mara nyingi yalikuwa ya nguvu na misuli, huku madaha na uzuri vikiwekwa akiba kwa wengine. Mwaka 1998 huko Nagano, akiwa ameumia na hana tena tumaini la medali, alipiga sarakasi ya kurudi kinyumenyume na kutua kwa mguu mmoja, jambo lililokuwa limekatazwa tangu miaka ya 1970. Alikatwa alama. Mwaka 2024 shirikisho likaiondoa marufuku hiyo, na leo vijana wanaipiga sarakasi hiyo na kushangiliwa. Mtangazaji anayemwita huyu "mwenye nguvu" na yule "mwenye sanaa" kila juma, mwaka baada ya mwaka, naye anatoa alama, ingawa hana karatasi ya mwamuzi mkononi.

Nguvu hiyo ya mtangazaji ilionekana waziwazi mwaka 2002 katika mji wa Salt Lake City. Mashindano yalikuwa ya wawili wawili. Warusi Elena Berezhnaya na Anton Sikharulidze walicheza programu ngumu, lakini Sikharulidze akayumba katika kutua mruko mmoja. Wakanada Jamie Salé na David Pelletier wakacheza bila kosa. Waamuzi watano dhidi ya wanne wakawapa Warusi ushindi. Kwenye NBC walikuwapo Scott Hamilton, bingwa wa Olimpiki wa mwaka 1984, na Sandra Bezic, aliyewahi kuwa bingwa wa Kanada. Hawakuficha mshangao wao. Walisema palepale kwamba waliostahili ni Wakanada. Kesho yake habari ikawa ukurasa wa kwanza wa magazeti. Ikajulikana kwamba mwamuzi wa Ufaransa, Marie-Reine Le Gougne, alisema ameshinikizwa, ingawa baadaye aliyakana maneno hayo. Siku chache baadaye Wakanada nao wakapewa dhahabu, na mwamuzi huyo pamoja na mkuu wa shirikisho la Ufaransa wakasimamishwa kwa miaka mitatu.

Wengi husema hapo watangazaji walitenda kazi yao, nami nakubali. Kama wangekaa kimya kwa adabu, huenda jambo lingepita. Lakini wapo wajuzi waliohoji, na hoja yao si ya kupuuzwa: programu ya Warusi ilikuwa nzito zaidi, na katika mchezo huu kosa moja dogo si lazima likushushe chini ya aliyecheza kilicho chepesi. Mtazamaji aliyesikia upande mmoja tu hakupata nafasi ya kuipima hoja hiyo. Aidha, watazamaji wengi walikuwa wa Amerika Kaskazini. Mwamba ngoma ngozi huivuta kwake. Mtangazaji anaweza kuwa mkweli na bado akawa ameivuta ngozi kidogo bila kujua. Tiba yake ni kueleza sababu za pande zote mbili, kisha atoe hukumu yake bila woga.

Fedheha ile ndiyo iliyoua mtindo wa alama 6.0. Tangu mwaka 2004 kila mruko na kila mzunguko una thamani yake, na waamuzi huongeza au kupunguza kwa jinsi ulivyotekelezwa. Tangu mwaka 2018 kipimo hicho huanzia tano chini ya sifuri hadi tano juu yake. Mruko ukipungukiwa zaidi ya robo mzunguko, thamani yake inashuka. Haya yamepunguza mwanya wa kupendelea, lakini yamemwacha mtazamaji gizani zaidi. Zamani hata mtoto alijua kwamba 5.9 ni karibu na ukamilifu. Leo akiambiwa mia moja na kitu, ni nyingi hizo au chache? Ndiyo maana haja ya mkalimani imeongezeka.

Mwaka 2014, wakati wa Olimpiki ya Sochi, NBC iliwaweka pamoja Tara Lipinski, aliyeshinda dhahabu mwaka 1998 akiwa na miaka 15, na Johnny Weir, bingwa wa Marekani mara tatu. Walipendwa upesi, na mwaka huohuo wakafanywa watangazaji wakuu. Kama ilivyokuwa kwa Button, wengine waliwashukuru kwa ukweli wao, wengine wakalalamika kwamba ni wakali na wanasema mno. Mwaka 2022 huko Beijing walikutana na mtihani ambao Button hakuupata. Kamila Valieva wa Urusi, msichana wa miaka 15, alikuwa amekutwa na dawa iliyokatazwa, na mahakama ya michezo ikamruhusu kucheza. Lipinski na Weir walisema wazi kwamba hakustahili kuwapo. Alipoingia uwanjani walikaa karibu kimya kabisa. Hawakumsifu, na hawakumtukana mtoto. Alimaliza wa nne, na mwaka 2024 matokeo yake yakafutwa. Yuko atakayesema walioajiriwa kusema hawana haki ya kunyamaza. Mimi naona siku ile kimya chao kilieleza msimamo wao na bado kikamwachia mtazamaji nafasi ya kufikiri.

Basi, ndugu wasikilizaji, ukizikusanya habari hizi zote utaona kwamba mtazamaji hadai makubwa. Anataka kufundishwa bila kudharauliwa. Anataka kweli, hata ikimhusu mchezaji wa nchi yake. Anataka kuachiwa muziki wake. Na anataka mchezaji aelezwe kwa alichokifanya, si kwa rangi yake au mahali alipozaliwa. Mwenye kipaza sauti akikosa moja kati ya haya, atasikika lakini hataaminiwa, na mtazamaji ana njia rahisi ya kujibu: ataipunguza sauti, atazame picha peke yake. Sisi wa redio tukipunguziwa sauti hatubaki na kitu, kwa hiyo somo hili latuhusu kuliko wote.

Hadi juma lijalo, kwaherini.