Maili Zile Zile

Leo tunakwenda Alaska, sehemu ya Marekani iliyo kaskazini kabisa. Kutoka mji wa Fairbanks mpaka kijiji cha McGrath ni kama maili 270 kwa njia ya angani. Zamani, wakati wa baridi, barua zilipelekwa kwa sleji iliyovutwa na mbwa juu ya theluji. Safari ilichukua zaidi ya majuma mawili. Tarehe 21 Februari, 1924, rubani Carl Ben Eielson alizipeleka kwa ndege; saa tatu hazikutimia. Lakini mwaka ule ule, baada ya ajali, Posta iliuvunja mpango, na mbwa wakarudia kazi yao. Maili hazikuongezeka, ila McGrath ikawa mbali tena. Je, barua yako hukufikia kwa siku ngapi? Andika jibu daftarini.