Sauti Ndani ya Mwamba

Yerusalemu haina mto. Uhai wake wa kale ulitegemea chemchemi ya Gihoni, iliyo bondeni Kidroni. Mwishoni mwa karne ya 8 K.K., majeshi ya Ashuru yakiutishia mji, mwamba ulitobolewa mfereji wa chini kwa chini, wa mita 533, kuyafikisha maji kwenye birika la Siloamu. Biblia yampa sifa mfalme Hezekia. Lakini maandishi yaliyogunduliwa mferejini humo mwaka 1880, na ambayo sasa yamo Istanbul, hayamtaji mfalme yeyote. Yawasimulia wachimbaji walioanza pande mbili, wakasikiana sauti mwambani, hata sululu zao zikakutana. Majina yao hatunayo. Maji yangali yakipita njia yao.