Njia ya Baiskeli Iliyorithi Reli

Miongoni mwa njia za baiskeli zilizo mashuhuri huko Marekani, ambazo wasafiri wa likizo huziendea kwa ajili ya uzuri wa mandhari, yastahili kutajwa ile iunganishayo miji midogo ya Elroy na Sparta katika jimbo la Wisconsin, ambayo asili yake haikuwa matembezi wala starehe, bali gari la moshi. Mnamo mwaka 1873 kampuni ya reli ya Chicago and North Western ilikamilisha njia yake baina ya vilima vya huko, baada ya mafundi kutoboa mahandaki matatu katika majabali, na lililo refu kuliko yote, lipatalo karibu robo tatu ya maili, liliwachukua miaka mitatu ya taabu. Mwanzoni na mwishoni mwake palitiwa milango mikubwa ya mbao ya kufunga na kufungua, ili baridi kali ya majira ya theluji isigandishe maji yatiririkayo ndani na kuharibu kuta.

Reli ilipoachwa katika mwaka 1964, serikali ya jimbo iliinunua ardhi ile, na mwaka 1967 ikawafungulia waendesha baiskeli njia ya maili 32 iliyotandazwa mawe ya chokaa yaliyosagwa. Hata leo mgeni afikapo handakini hana budi kushuka, akaikokota baiskeli yake gizani, taa mkononi, huku matone ya maji ya jabali yakimdondokea mabegani.

Basi taifa lenye reli iliyokufa lisiihesabu kuwa hasara tupu, kwani jasho la waliotangulia laweza kuwafaa wajao.