Anayepima Usalama wa Bidhaa Analipwa na Nani? Historia Fupi ya Alama ya UL

Geuza chaja ya kompyuta yako uangalie upande wa nyuma. Kati ya maandishi yale madogo kuna alama kibao, na kwenye chaja nyingi mojawapo ni duara lenye herufi U na L. Wengi wetu tunaipita tu. Lakini alama hiyo ina historia ya zaidi ya miaka 130, na ukiifuatilia unakutana na swali gumu: huyu anayetuambia kwamba kitu ni salama, nani anamlipa?

Tuanzie Chicago, Marekani. Mwaka 1871 jiji hilo liliungua vibaya sana, na makampuni mengi ya bima yakafilisika kwa kulipa fidia. Miaka 22 baadaye, mwaka 1893, Chicago ikaandaa maonyesho makubwa ya dunia, yaliyopambwa kwa maelfu ya taa za umeme. Umeme wenyewe ulikuwa bado mgeni. Nyaya zilifungwa ovyo, na majengo mengi ya maonyesho yalikuwa ya muda. Kwa watu wa bima, hapo palikuwa na hasara inayosubiri kutokea.

Basi kazi ya kukagua mitambo ya umeme akapewa William Henry Merrill, mhandisi kijana kutoka Boston ambaye hata miaka 30 alikuwa hajafikisha. Alipomaliza, aliwashawishi watu wa bima wagharamie maabara ya kudumu. Ilianza kidogo sana: chumba cha juu katika kituo cha kikosi cha moto cha makampuni ya bima, na vifaa vya dola 350 hivi. Mwaka 1901 ikasajiliwa rasmi kwa jina la Underwriters' Laboratories, yaani maabara za watoa bima. Herufi U na L zimetoka hapo.

Sasa angalia mpangilio huo. Aliyelipia upimaji ndiye ambaye angepata hasara nyumba ikiungua. Kampuni ya bima haikuwa na sababu yoyote ya kutaka waya mbovu upite. Maslahi yake na usalama wa mwenye nyumba vilikwenda pamoja.

Hata hivyo, nia njema haitoshi. Jaribio la kwanza la Merrill, la tarehe 24 Machi 1894, lilikuwa la karatasi ya asbesto iliyokusudiwa kukinga moto. Na kweli asbesto haishiki moto. Leo tunajua pia kwamba vumbi lake husababisha saratani ya mapafu. Jaribio halikuwa la uongo. Lilijibu swali lililoulizwa, yaani je, kitu hiki kinaungua? Swali la mapafu halikuwamo. Hili ni jambo la kukumbuka kila unapoona alama yoyote ya ubora.

Mwaka 1903 UL ilitoa kiwango chake cha kwanza, cha milango ya mbao iliyofunikwa kwa mabati ili kuzuia moto usisambae. Baadaye wakaanza kutoa alama za kubandikwa kwenye bidhaa, na wakaguzi wao wakawa wanatembelea viwanda bila kutoa taarifa. Maana yake ni rahisi: sampuli iliyopelekwa maabara inaweza kuwa nzuri, halafu zile elfu kumi zinazofuata zikawa kitu kingine kabisa.

Hapo pia mlipaji akabadilika. Kadiri alama ilivyoheshimika, watengenezaji wenyewe ndio wakawa wanalipia upimaji, kwa sababu bila alama bidhaa zao zilikuwa ngumu kuuzika. Yaani anayepimwa ndiye anayemlipa mpimaji. Ni kama mwanafunzi amlipe msahihishaji wa mtihani wake. Kilichozuia mambo yasiharibike ni mambo mawili: UL ilikuwa shirika lisilo la faida, na mtaji wake pekee ulikuwa jina lake. Alama ambayo kila mtu anaipata haina thamani kwa yeyote.

Kwa miongo mingi UL haikuwa na washindani wengi kwao. Hata kanuni za serikali ya Marekani za usalama kazini ziliitaja kwa jina, pamoja na Factory Mutual. Maabara ndogo ya Baltimore iitwayo MET ikaenda mahakamani kupinga utaratibu huo, na mwaka 1988 ukaanzishwa mfumo unaoruhusu maabara yoyote iliyokidhi vigezo kutambuliwa.

Wakati huohuo viwanda vilikuwa vinahama, na mpimaji akavifuata. Mwaka 1996 UL ilinunua DEMKO, taasisi ya kupima vifaa vya umeme ya Denmark, ikapata mlango wa Ulaya. Mwaka 2003 ikaanzisha kampuni ya ubia na Wachina, yenye maabara Suzhou. Chaja inayotengenezwa China ikauzwe Marekani ni rahisi kuipima hukohuko China kuliko kuisafirisha kwanza.

Umuhimu wa kazi hii ulionekana vizuri wakati wa hoverboard, vile vibao vya magurudumu mawili vinavyotumia betri. Vilivuma mwaka 2015, na vingine vikawaka moto ndani ya nyumba za watu. UL ikaandaa kiwango cha UL 2272, na mwaka 2016 mamlaka ya Marekani ikataka vibao vyote vikifuate. Mwezi Julai mwaka huo vibao zaidi ya 500,000 vilirudishwa.

Mabadiliko makubwa zaidi ni ya karibuni. Mwaka 2012 shughuli za upimaji ziliwekwa chini ya kampuni ya faida, inayomilikiwa na shirika mama lisilo la faida. Aprili 2024 kampuni hiyo, sasa UL Solutions, iliingia soko la hisa la New York kwa dola 28 kwa hisa. Shirika mama, lililokuwa linauza sehemu ya hisa zake, lilibaki na sehemu kubwa. Kwa hiyo, katika safari moja, mlipaji amekuwa kampuni ya bima, kisha mtengenezaji, na sasa yupo pia mwanahisa anayesubiri gawio.

Je, hilo linaharibu upimaji? Si lazima. Ila ulinzi sasa unategemea zaidi vitu vya nje: serikali zinazokagua maabara, washindani, na wanunuzi wanaouliza. Hata kwetu mfumo ni wa aina hiyo. KEBS ya Kenya na TBS ya Tanzania huweka mawakala wa kimataifa wa kukagua bidhaa kabla hazijapakiwa melini, na gharama hulipwa na mfanyabiashara.

Mnunuzi naye ana la kufanya. Alama ya CE, kwa bidhaa nyingi, ni tamko la mtengenezaji mwenyewe. Ya UL inatoka kwa mtu wa tatu, lakini huigizwa pia. Karibu na alama halisi ya UL mara nyingi kuna namba ya faili, kwa vifaa vingi vya umeme ikianza na herufi E. Namba hiyo unaweza kuitafuta kwenye hifadhidata ya UL mtandaoni. Ukikuta ni ya kampuni nyingine kabisa, au ya bidhaa tofauti na uliyoshika, irudishe dukani.