Karatasi Nyeupe na Mkeka Mpya

Mshairi mmoja mzee alianguka kutoka juu ya farasi mbele ya umati wa watu. Ilikuwa siku ya sikukuu ya Kamo, katika mji ambao leo unaitwa Kyoto, na barabara ilikuwa imejaa magari ya ng'ombe ya wakubwa waliotoka kutazama maandamano. Kofia yake ya cheo ikaruka, kipara kikabaki kinang'aa juani. Mtumishi akakimbia kumrudishia kofia. Mzee akaikataa. Badala yake aliyaendea yale magari, kipara wazi, akaanza kuwahutubia vijana wa kikabaila waliokuwa wameshika mbavu kwa kicheko. Aliwaeleza kwamba farasi ni mnyama, barabara ina mawe, na kujikwaa si ajabu. Kofia nayo hushikwa na nywele. Sasa mtu ambaye nywele zimemuaga, mlitaka kofia ishikwe na nini? Akawatajia na waheshimiwa wa zamani waliowahi kuvukwa na kofia hadharani. Baadaye mtumishi alimuuliza kwa nini amejiongezea aibu. Akajibu kwamba asingewaeleza, wangemcheka maisha yake yote.

Kisa hiki kimo katika Konjaku Monogatarishū, mkusanyo wa hadithi wa karne ya 12, kwa hiyo huenda kimetiwa chumvi njiani. Lakini mzee mwenyewe alikuwepo. Aliitwa Kiyohara no Motosuke, na alikuwa mmoja wa wahariri watano wa diwani ya mashairi iliyoagizwa na Kaisari. Nimeanza na yeye kwa sababu ya binti yake, ambaye alirithi ulimi huo huo na akapata nafasi mbaya zaidi ya kuutumia.

Binti huyo tunamjua kwa jina la Sei Shōnagon. Si jina alilopewa na wazazi, hilo halijatufikia. "Sei" ni namna nyingine ya kusoma herufi ya kwanza ya ukoo wa Kiyohara, na "Shōnagon" ni cheo cha serikalini, mshauri mdogo. Ni sawa na mtu kukumbukwa miaka elfu moja kwa jina la "Mkoba wa Katibu Tarafa". Karibu na mwaka 993 aliingia kasrini kumtumikia Malkia Teishi, mke wa Kaisari Ichijō. Yeye alikuwa anakaribia miaka 30, malkia hajafika hata 20. Alichoandika humo kinaitwa Makura no Sōshi, Kitabu cha Mto. Mto wa kulalia, si wa maji.

Ni kitabu kisichofuata utaratibu. Kina vipande kama 300, na zaidi ya nusu ni orodha. Orodha ya vitu vinavyoudhi: mgeni anayepiga domo wakati wewe una haraka, na si mtu wa kumfukuza, unywele ulionasa kwenye jiwe la kusagia wino, mbu anayejitambulisha kwa sauti nyembamba pale pale usingizi unapokuja. Orodha ya vitu vinavyopendeza: kinda wa shomoro anayekuja akirukaruka ukimwigizia mlio wa panya, mtoto anayetambaa, ambaye ghafla anaona punje ya takataka, anaiokota kwa vidole vyake na kuwaonyesha watu wazima. Orodha ya aibu: kuitikia wakati aliyeitwa ni mwingine, na hasa kama kuna zawadi inayogawiwa. Katikati ya orodha kuna visa virefu na picha za ghafla, kama ile ya gari la ng'ombe likivuka maji usiku wa mbalamwezi, na matone yakitawanyika chini ya kwato mithili ya vipande vya kioo. Aliandika kwa kana, herufi za sauti ambazo wanawake walizitumia zaidi, wakati wanaume walijionyesha kwa Kichina.

Neno analolirudia mamia ya mara ni okashi. Sipati neno moja la Kiswahili linalolitosha. Lina kupendeza ndani yake, lina kuchekesha, lina kule kushtuka kidogo unapoona jambo dogo limekaa sawasawa. Kijapani cha leo kimebaki na okashii, maana yake kichekesho, au jambo lisilo la kawaida.

Msomaji anayekutana na kitabu hiki kwa mara ya kwanza, kama mimi nilipokisoma katika tafsiri ya Kiingereza ya Meredith McKinney, anaweza kudhani kimeandikwa na mtu aliyeshiba. Hariri, maua ya cheri, vicheko nyuma ya mapazia. Mpaka uweke tarehe pembeni.

Mwaka 995 baba yake Malkia Teishi, Fujiwara no Michitaka, aliyekuwa ndiye mtawala halisi wa nchi, alifariki. Mwaka huo huo maradhi ya kuambukiza yalikuwa yakiwapukutisha wakubwa wa serikali. Madaraka yakaenda kwa baba yake mdogo, Michinaga. Mwaka 996 kaka yake malkia, Korechika, na mdogo wake, Takaie, walihukumiwa kwenda uhamishoni baada ya watu wao kumrushia mshale Kaisari mstaafu Kazan, katika ugomvi wa mwanamke ambao inasemekana ulitokana na kudhaniana vibaya. Askari waliingia kupekua nyumba aliyokaa malkia. Yeye, akiwa mjamzito, alikata nywele zake kama mtawa. Kiangazi hicho nyumba yake ikaungua moto. Kabla mwaka haujaisha mama yake naye akafa. Mwaka 999 Michinaga alimwingiza kasrini binti yake Shōshi, mwenye miaka 12 kwa hesabu ya wakati ule, na mwaka uliofuata akafanya jambo ambalo halikuwahi kutokea: Kaisari mmoja akawa na malkia wawili. Mwisho wa mwaka huo, ambao kwa kalenda yetu ni Januari 1001, Teishi alifariki baada ya kujifungua mtoto wa tatu. Alikuwa na miaka 24 kwa hesabu yao.

Sasa rudi kwenye kitabu ukatafute msiba huo. Kifo cha malkia hakimo. Moto wa nyumba yake haumo. Kilichomo ni malkia akicheka.

Siku moja Sei alikuwa akiongea na wenzake mbele ya malkia, akasema kwamba ulimwengu ukimchosha kabisa, hata akatamani kuondoka, akipata karatasi nyeupe safi na kalamu nzuri ya brashi moyo humrudi, anaona anaweza kuendelea kuishi kidogo. Au akiona mkeka mpya wa kijani, uliosukwa vizuri, wenye pindo la nakshi nyeusi juu ya nyeupe. Wenzake wakamtania: ama kweli dawa yako ni rahisi.

Baadaye ulimwengu ulimchosha kweli. Katika kipindi kile cha 996 watu wa kasri walianza kunong'ona kwamba yeye ni mtu wa upande wa Michinaga. Alikuwa akiingia chumbani wenzake wananyamaza. Akaenda zake nyumbani, akakaa muda mrefu bila kurudi. Hapo ndipo kilipofika kifurushi kutoka kwa malkia: karatasi nzuri, bunda 20, pamoja na ujumbe wa kumtaka arudi haraka. Malkia akaongeza utani kwamba karatasi yenyewe si ya daraja la juu, hivyo huenda isifae kunakili ile sutra ya Kibuddha inayosomwa kuomba maisha marefu. Yaani alikuwa ameyakumbuka maneno ya mazungumzo ya jioni moja, akayageuza kuwa mzaha, akayatuma kwa mtu aliyekuwa amekata tamaa. Na aliyetuma ni mwanamke aliyekuwa amepoteza karibu kila kitu.

Siku mbili baadaye alitokea mwanamume aliyevaa nguo nyekundu, akaacha mkeka, akaondoka bila kusema umetoka kwa nani. Ulikuwa wa kijani, una pindo la nakshi. Sei aliandika barua ya kichinichini kuulizia, akaagiza iwekwe kwenye ukingo wa ubaraza wa malkia. Katika pilikapilika barua ikaangukia uvunguni mwa ngazi. Kisa kinaishia hapo, na barua ikiwa chini ya ngazi.

Wanaomwita Sei mtu wa juujuu nafikiri hawakukisoma kipande hiki taratibu. Kwake furaha ya karatasi ilikuwa jambo la kama ataendelea kuishi au la. Na karatasi ile, anatuambia, aliitumia kutengeneza kijitabu.

Kisa cha kilima cha theluji ninakipenda zaidi, kwa sababu ni cha kipuuzi kabisa. Katika mwezi wa 12, pengine mwaka 998, theluji nyingi ilianguka. Malkia wakati huo alikuwa akiishi katika jengo la ofisi ya watumishi wake, nje ya ua wa ndani wa kasri, kwa kuwa hadhi yake ilikuwa imepungua. Watumishi wakajenga kilima kikubwa cha theluji uani, na malkia akauliza kitadumu mpaka lini. Wengi walitaja siku chache. Sei akasema tarehe 15 ya mwezi wa kwanza. Hata yeye mara moja alijuta kutaja siku ya mbali namna ile, lakini neno lilikuwa limeshatoka.

Tangu hapo alikuwa na kazi. Mvua iliponyesha alimwomba Kannon wa mlima Shirayama asiiache theluji iyeyuke. Malkia alipohamia kasrini mwanzo wa mwaka na Sei akalazimika kufuatana naye, alimpa mtunza bustani zawadi na ahadi ili akilinde kilima, watoto wasikikanyage. Alituma watu kukikagua. Tarehe 14 usiku kilikuwa bado kipo, kimepungua lakini kipo. Akatunga na shairi la kupeleka pamoja na sinia la theluji. Alfajiri ya tarehe 15 akamtuma mtu na chombo cha kuibebea. Mtu akarudi na chombo kitupu. Hakuna theluji.

Baadaye malkia alikiri, huku akicheka, kwamba yeye ndiye aliyetuma watu usiku ule wakaichota na kuitupa. Sei alikaribia kulia. Kaisari naye akacheka. Wala hatuelezwi kwa nini malkia alifanya vile. Nadhani alimjua mtu wake, akaona akishinda hatalaliki mjini. Ninachokiona mimi ni mwanamke aliyenyang'anywa baba, mama, nyumba na nafasi, akiwa bado na nguvu ya kuamsha watu usiku wa baridi kwa ajili ya mzaha.

Isidhaniwe kicheko hiki kilikuwa cha wote. Kuna kipande kingine ambacho hakinikai vizuri kila ninapokirudia. Mwanamume wa hali ya chini alikuja kwenye makazi ya wanawake wa kasri akilia: moto ulioanzia penye nyasi za farasi wa Kaisari umeteketeza nyumba yake, mke wake aliponea chupuchupu. Wanawake wakacheka. Sei akaandika shairi fupi lenye maneno ya kuchezea nyasi na moto, akampa. Yule mtu hakujua kusoma. Akadhani ni hati ya msaada, akauliza ataenda kupewa vitu kiasi gani kwa karatasi ile. Wakamwambia akasomewe na mtu, wakaondoka wakivunjika mbavu kwenda kumsimulia malkia. Malkia naye alicheka, ingawa aliwauliza wamepatwa na wazimu gani.

Karatasi ile ile. Kwa Sei ilikuwa sababu ya kuishi. Mikononi mwa yule bwana ilikuwa kejeli asiyoweza hata kuisoma. Angeweza kukiacha kisa hiki nje ya kitabu, kama alivyoacha mengine mengi. Hakukiacha, na sidhani alikiandika kwa kutubu. Alikiona kinachekesha. Jicho linalomwona mtoto na punje yake ya takataka halikumwona mtu mzima aliyeunguliwa na nyumba.

Mkosoaji wake mkali wa wakati ule alimlaumu kwa jambo jingine. Murasaki Shikibu, mwandishi wa Genji Monogatari, alimtumikia Shōshi, yule malkia wa pili, kwa hiyo alikuwa wa kambi ya washindi. Katika shajara yake anamwita Sei mwenye majivuno, mtu wa kutawanya herufi za Kichina ambazo ukizitazama kwa karibu zina makosa. Kisha anafika kwenye kiini: mtu anayejilazimisha kuona mambo ya kupendeza hata katika hali ya ukiwa, hatimaye huwa mwepesi, na mtu wa namna hiyo atakuwaje na mwisho mwema?

Ni swali la haki, hata likitoka kwa mpinzani. Murasaki alikuwa ameona vizuri kuliko mashabiki wengi wa Sei: ukiwa ulikuwepo, na Sei aliujua. Tofauti yao ni kwamba Murasaki aliona ni uongo kuupita bila kuutaja. Mimi naegemea upande wa Sei, kwa sababu moja. Mambo ya kifo cha Teishi, uhamisho wa ndugu zake na ushindi wa Michinaga yaliandikwa na wengine, na wangeyaandika hata kama Sei asingezaliwa. Utani wa sutra ya maisha marefu hakuna mwingine ambaye angeuandika.

Jinsi kitabu kilivyotoka nje anaieleza mwenyewe mwishoni. Alikuwa nyumbani, akatembelewa na Minamoto no Tsunefusa, gavana wa Ise wakati huo. Akamsogezea mgeni mkeka akae. Juu ya mkeka kulikuwa na kile kijitabu, hakukiona. Akanyoosha mkono kukirudisha, lakini Tsunefusa alikuwa ameshakikamata, akaondoka nacho, na hakukirudisha mpaka baada ya muda mrefu sana.