Moshi wa Balad

Kabla hujaiona kambi ya Balad, kaskazini mwa Baghdad, ulikuwa umeshauona moshi wake. Jeshi la Marekani liliitwaa mwaka 2003, ikajaa watu mpaka ikawa mji, na mji hauishi bila jalala. La Balad lilikuwa shimo wazi la ekari kama 10. Makombo, chupa za maji, rangi, makopo, taka za hospitali: vyote vilimwagiwa mafuta ya ndege vikatiwa moto, usiku na mchana.

Tusiharakishe kulaumu. Askari mmoja huacha taka zipatazo kilo 4 na nusu kwa siku, na barabara za kuzisombea kwingine zilitegwa mabomu. Kiberiti kilikuwa rahisi kuliko lori. Lakini dharura ikageuka desturi: Agosti 2010 yalihesabiwa mashimo 251 Afghanistan na 22 Iraq, ingawa sheria ya mwaka uliotangulia ilikuwa imebana uchomaji wa taka za hospitali na za sumu.

Dawa ikaonekana kuwa matanuri. Afghanistan zilitumika karibu dola milioni 82 kwa vituo 9 vya kuteketezea taka. Vinne havikuwahi kuwashwa. Katika kambi ya Salerno, mkoani Khost, matanuri mawili yaligharimu dola milioni 5. Wakubwa wakapiga hesabu ya kuyaendesha, kama dola milioni 1 kwa mwaka, wakabaki na shimo lao. Tanuri hunywa dizeli, na dizeli ya nchi isiyo na bahari husafiri mbali kwa malori yanayoviziwa njiani. Swali ambalo mimi ningeanza nalo ni jingine: kwa nini kila funda la maji lije na chupa yake?

Bili iliingia kwa mlango wa nyuma. Askari waliorudi na vifua vibovu walidai fidia kwa miaka, wengi wakaambiwa hawana ushahidi. Tarehe 10 Agosti 2022 Rais Joe Biden alitia saini sheria ya PACT, iliyoorodhesha maradhi yanayohesabiwa kuwa ya kazini bila mgonjwa kuthibitisha chanzo. Waliohudumu Djibouti, huku kwetu Pembe ya Afrika, wamo pia. Mwanawe Biden, Beau, alitumikia jeshi Iraq, akafa kwa saratani ya ubongo mwaka 2015, na baba hakuficha kwamba anaushuku moshi ule.